Mbwa Kijana Asifungwe Kutwa: Akimbie Kando ya Baiskeli

Mwezi huu naandika juu ya mbwa. Najua wapo watakaosema kwamba mbwa ni kazi ya bwana mifugo, siyo ya muuguzi. Lakini wanaoletwa kwetu kuoshwa vidonda na kuchomwa sindano si mbwa, ni watoto wenu. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika ukurasa huu wa afya.

Hapa kwetu Majengo nyumba zimesongamana. Wezi hawakosekani, na familia nyingi hufuga mbwa mmoja au wawili wa kulinda ua. Mbwa mzee hana taabu. Atalala kivulini mpaka jua litue. Taabu ni yule kijana, wa mwaka mmoja hadi mitatu, ambaye mwili wake wote unataka mbio. Huyo akifungwa mnyororo tangu alfajiri mpaka usiku hubweka bila kukoma, huchimba msingi wa nyumba, hutafuna ndala na nguo zilizoanikwa, na siku mnyororo unapokatika humrukia mtu wa kwanza anayepita. Mara nyingi mtu huyo ni mtoto anayetoka kuchota maji au kununua chumvi dukani.

Maoni yangu ni kwamba mbwa kijana mwenye nguvu apewe mbio kila siku. Na kwa sisi watu wa Ufipa, ambao baiskeli ndiyo miguu yetu ya kwenda shambani, sokoni na mashineni, njia iliyo rahisi kuliko zote ni kumzoeza kukimbia kando ya baiskeli. Ila akimbie kwa kipimo chake yeye, awe amekomaa mifupa, awe amechanjwa, na kamba yake isifungwe kamwe kwenye usukani. Anayeona masharti hayo ni mazito, basi atembee na mbwa wake kwa miguu, nayo ni dawa nzuri pia.

Wapo wazee wetu wanaosema kwamba mbwa asipofungwa kutwa hawi mkali, na mbwa asiye mkali ana faida gani? Nawaheshimu wazee, lakini hapa sikubaliani nao. Ukali unaotokana na mnyororo hauchagui. Hauulizi kama huyu ni mwizi, au ni katekista amekuja kutoa taarifa ya jumuiya, au ni mjukuu wa mwenye nyumba. Kwa miaka yote niliyofunga vidonda vya watu walioumwa na mbwa, wengi nimewasikia wakitaja mbwa wanayemfahamu, wa kwao au wa jirani, tena wengine wanamtaja kwa jina. Mbwa wa kulinda ni yule aliyetulia mchana akalala, halafu usiku akasikia hatua za mgeni. Aliyebweka mchana kutwa kwa uchungu wa kufungwa, usiku amechoka, na hata akibweka hakuna anayeamka kwa kuwa majirani wamekwisha kumzoea. Aidha tusisahau kwamba nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo haimruhusu mtu kumtesa mnyama kwa sababu tu ni mali yake.

Sasa tuje kwenye baiskeli yenyewe. Mbwa ana mwendo wake wa asili, ule wa mchakamchaka, usio wa kutembea wala wa kutimua mbio. Katika mwendo huo anaweza kwenda mbali bila kuumia. Kwa mbwa wetu wengi wa kienyeji ni kama kilomita 10 au 12 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayeendesha baiskeli polepole huku akizungumza na mwenzake. Mtu anayetembea kwa miguu ni mzito mno kwa mbwa kijana. Mbwa huvuta kamba, huzunguka huku na huku, na akirudi nyumbani bado ana nguvu za kuchimba msingi. Kwa baiskeli, nusu saa inatosha kumtuliza.

Na mwenye baiskeli naye anafaidika. Siku hizi kliniki za shinikizo la damu na kisukari zimejaa watu wa mjini ambao miaka ya nyuma wangekuwa wanalima kutwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kazi ya mwili ya kiasi, yaani nusu saa kwa siku tano. Nimewaambia akina baba wengi habari hiyo wakaitikia kwa kichwa na kwenda zao kukaa kijiweni. Lakini mbwa akisimama mlangoni saa 12 asubuhi anatikisa mkia na kulia, hatakuacha ukae.

Nchi yetu ya Ufipa imependelewa kwa jambo hili. Tuko juu, Sumbawanga ikiwa zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi wa Juni na Julai zina baridi na upepo ambao kwa binadamu ni adhabu, kwa mbwa ni raha. Wenzetu walio chini bondeni, kule Ziwa Rukwa, wana joto kali zaidi na yawabidi wawe waangalifu maradufu. Tena huko porini kuna ndorobo, na ndorobo huambukiza mbwa ugonjwa wa nagana kama anavyoambukiza ng'ombe. Mbwa wa mjini asipelekwe huko kwa sababu ya mbio tu.

Nimetaja usukani, na sitaki kupita haraka hapo. Aliletwa kwetu kijana mmoja, fundi, mwenye mbwa mzuri mwekundu wa kama kilo 20. Alikuwa amefunga kamba kwenye usukani ili mikono yake iwe huru kushika breki, jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza unaona ni la busara. Alikwenda vizuri siku kadhaa. Siku hiyo paka alikatiza njia, mbwa akaruka kumfuata, na gurudumu la mbele likageuka papo hapo kuelekea alikokwenda mbwa. Kijana aliruka juu ya usukani akaangukia bega. Mfupa wa mtulinga ulivunjika, ngozi ya shavu ikabaki kwenye changarawe, na mbwa, kwa hofu, akaendelea kuiburuta baiskeli ambayo ilikuwa imemwangukia mguu wa nyuma. Wiki kadhaa hakushika nyundo, na fundi asiyeshika nyundo hali. Nilipokuwa namsafisha shavu aliniuliza kuhusu mbwa kabla ya kuuliza kuhusu mkono, nikajua kwamba anampenda kweli. Hakuwa mkatili wala mzembe; hakuwa ameelezwa tu.

Ukitaka kuelewa, jaribu hivi: simama na baiskeli, mwambie mtoto auguse usukani kwa kidole kimoja. Utaona jinsi unavyogeuka kwa urahisi. Sasa fikiri kilo 20 zikiruka kwa ghafula. Wala usizungushe kamba kwenye kiganja au kifundo cha mkono, maana hapo utavutwa wewe mzima, na kifundo cha mkono ni kati ya mifupa tunayoiona ikivunjika mara nyingi mtu anapojikinga kuanguka.

Namna iliyo salama zaidi ni kufunga kamba chini, kwenye nguzo ya kiti, karibu na uzito wa mwendeshaji. Hapo mbwa akivuta, baiskeli huyumba kidogo lakini haigeuki. Huko Ulaya huuzwa chuma maalumu chenye springi cha kufunga chini ya kiti kwa kazi hiyo hiyo. Sisi tusikisubiri. Kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli kikiunganishwa katikati ya kamba hufanya kazi ya springi: mbwa akiruka, tyubu hunyooka kwanza, na mshtuko humfikia mwendeshaji ukiwa umepungua. Kamba iwe fupi kiasi kwamba mbwa hawezi kufika mbele ya gurudumu la mbele wala kuzunguka nyuma na kuingia kwenye spoku. Fundo liwe la kufunguka ukilivuta mara moja. Na mbwa asifungwe shingoni, kwa sababu akivutwa kwa mwendo huo koo hubanwa na pumzi hupungua wakati anapoihitaji zaidi. Ashoneewe mkanda wa kuzunguka kifua na mabega. Washonaji wa viatu na mabegi wanaweza kuushona kwa mkanda mpana wa turubai kwa muda mfupi.

Tena mbwa akae upande wa kushoto. Katika nchi yetu magari huenda kushoto, kwa hiyo mbwa akiwa kushoto, baiskeli na wewe mtakuwa kati yake na magari, naye atakanyaga majani ya kando badala ya lami. Akina mama wanisamehe kusema hili: anayeendesha avae viatu, si kandambili, na khanga isining'inie karibu na mnyororo.

Baiskeli nazo zitazamwe. Zile za breki za vyuma, ambazo wengi wetu tunazo, hazishiki vizuri mvua inaponyesha. Kuanzia Novemba hadi Aprili njia zetu za udongo huwa matope, na mtu anayeteleza akiwa amefungamana na mbwa huanguka vibaya zaidi kuliko anayeteleza peke yake. Siku ya matope tembeeni kwa miguu.

Kuzoeza ni kazi ya wiki, haimalizwi kwa siku moja. Wengi hukosea hapa kwa pupa. Kwanza mbwa azoee baiskeli ikiwa imesimama, ainuse, apewe kipande cha ugali karibu nayo. Kisha mtembee wewe ukiisukuma kwa mkono, yeye akiwa upande wake, siku tatu au nne, mpaka aache kuogopa kelele za mnyororo. Mfundishe maneno mawili tu, la kusimama na la kupunguza mwendo, na familia nzima itumie maneno hayo hayo. Halafu panda, mwende mita mia chache mahali pasipo na watu, kama uwanja wa shule siku za likizo. Wiki ya kwanza isizidi kilomita moja, mkipumzika katikati. Ongeza kidogo kila wiki. Mbwa mzima mwenye afya akifika kilomita 4 au 5 kwa siku, kwa mlinzi wa ua hiyo inatosha kabisa. Sioni sababu ya kumfanya mkimbiaji wa mashindano.

Umri nao ni jambo la kuangalia sana. Mbwa kijana huonekana mkubwa kabla mifupa yake haijakomaa. Karibu na viungo kuna sehemu laini ambako mfupa hurefukia, kama ilivyo kwa watoto wetu, na sehemu hizo zikigongwagongwa kila siku kwenye njia ngumu huweza kuumia, na mguu ukakua umepinda. Kwa mbwa wetu wa kienyeji ngojeni afikishe mwaka mmoja. Kwa mbwa wakubwa wa asili ya Ulaya, kama wale wa Kijerumani wanaofugwa na watu wenye nafasi, ngojeni mwaka na nusu. Kabla ya hapo acheze tu uani na kutembea. Mtoto wa mbwa akichoka hujilaza mwenyewe, lakini akiwa amefungwa kamba kwenye baiskeli hawezi kujilaza.

Hilo ndilo linalonitia uchungu ninapowaona vijana wanaomfunga mbwa nyuma ya bodaboda na kuliita zoezi. Pikipiki haichoki. Mwendeshaji naye hachoki, na hatazami nyuma. Mbwa atakimbia mpaka aanguke kwa sababu hataki kuachwa na bwana wake. Huo ndio moyo wake, na sisi hatupaswi kuutumia dhidi yake. Huko Ujerumani, kanuni za barabarani zinakataza kuongoza mnyama ukiwa ndani ya gari au juu ya pikipiki, na kwa baiskeli zinaruhusu mnyama mmoja tu kuongozwa, naye ni mbwa. Naona waliotunga kanuni hiyo walifikiri sawasawa. Anayeendesha baiskeli hutoka jasho pamoja na mbwa wake, na kifua chake kinamwambia wakati wa kupumzika.

Juu ya jasho, mjue kwamba mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hutoa kidogo tu kwenye nyayo, na joto lake karibu lote hulitoa kwa kuhema na kutoa ulimi. Kwa hiyo jua linaloonekana la kawaida kwako linaweza kumwua. Akimbie asubuhi mapema au jioni, hasa mwezi wa Septemba na Oktoba kabla ya mvua. Lami weka mgongo wa kiganja chako juu yake; ukishindwa kuuacha hapo kwa sekunde 7, basi nyayo zake zitaungua. Njia za shambani nazo wakati wa kiangazi zina majivu ya moto wa nyasi na visiki vikali vya mabua, hivyo mkifika nyumbani zitazameni nyayo. Dalili za kuzidiwa na joto ni kuhema kusikotulia hata akisimama, ute mzito mdomoni, ulimi uliokoza wekundu, kuyumba na kutapika. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji ya kawaida tumboni, kifuani na miguuni, mpepeeni, mpeni maji ya kunywa kidogo kidogo. Msimpakie kwenye keria mkamrudisha nyumbani juani kwanza.

Chakula kizito asipewe kabla ya mbio. Apumzike kwanza, ndipo ale. Na anayekimbizwa ale zaidi ya anayelala. Makoko ya ugali peke yake hayatoshi. Mchanganyieni dagaa, vichwa vya samaki, au mchuzi wa mifupa. Nyumba ambayo haina cha kumwongezea isimwongezee kilomita.

Wengi mtaniambia: "Mama, mbwa wangu hahitaji kamba, hunifuata mwenyewe mpaka shambani." Ni kweli, na ndiyo desturi yetu ya zamani. Asubuhi mtaona baba juu ya baiskeli, jembe limefungwa kwenye keria, na mbwa nyuma. Katika njia ya shamba, penye nyasi na bila magari, sina ugomvi na desturi hiyo. Lakini barabara zimebadilika. Tangu barabara ya Tunduma iwekwe lami, malori na mabasi hupita kwa kasi ambayo wazazi wetu hawakuijua. Mbwa asiye na kamba anayemwona mwenzake ng'ambo ya barabara hakumbuki lori. Na dereva wa basi anayejaribu kumkwepa mbwa amebeba roho za watu. Basi, mkikaribia lami, shukeni, mfungeni kamba, mvuke mkiwa mnatembea.

Nafika sasa kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mbwa anayekimbia na baiskeli hutoka nje ya mtaa wake. Akitoka Majengo akafika Kizwite au Katandala, au vijijini, atakutana na mbwa wasiojulikana, wataumana, na huko ndiko kichaa cha mbwa kinakopatikana. Mbwa wa mnyororo huwauma watu wa ua wake. Mbwa wa mbio asiyechanjwa anaweza kuleta kifo kutoka mbali na kukiweka katikati ya watoto wako. Kwa hiyo nasema bila kulainisha maneno: kabla ya kamba, kabla ya mkanda, kabla ya tyubu kuukuu, chanjo. Mtoto wa mbwa achanjwe akifikisha miezi 3, kisha arudiwe kila mwaka. Asiyemchanja mbwa wake asimtoe nje ya ua.

Inakadiriwa kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao huku kwetu Afrika na kule Asia, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili, yaani mgonjwa kuogopa maji, kushtuka na upepo, kutoa mate asiyoweza kuyameza, hatuna dawa ya kumponya. Sisi wauguzi tunaujua ukimya wa wodi siku hiyo, na sitauelezea hapa. Lakini ni ugonjwa unaozuilika karibu kabisa kabla ya dalili. Mwezi Julai 1885 huko Paris, Louis Pasteur alimchoma chanjo mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto yule akaishi. Chanjo za leo ni bora na salama zaidi kuliko ile. Na pakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 wa eneo, mwaka baada ya mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita na hukatika. Mwaka 2015 mashirika ya kimataifa, likiwemo la Afya Duniani, yaliweka lengo kwamba ifikapo 2030 asife mtu yeyote kwa kichaa kinachotokana na mbwa. Lengo hilo halitafikiwa Geneva. Litafikiwa kwenye ofisi ya mifugo ya kata yenu, mbwa akiwa ameshikwa na mwenye mbwa. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Siku zikaribiapo muulizeni bwana mifugo kama kutakuwa na chanjo mtaani kwenu, na hata kama haipo, sindano ya mbwa ni nafuu kuliko sindano zote atakazohitaji mtoto mmoja aliyeumwa.

Na akiumwa mtu, awe mkubwa au mdogo, hata kama ni mkwaruzo tu wa jino: papo hapo osheni kidonda kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kwa saa, siyo kwa kukisia. Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha. Msipake mafuta ya taa, wala pilipili, wala majivu ya nywele za mbwa aliyeuma, na wale wanaokimbilia jiwe jeusi nawaomba waliache. Halinyonyi ugonjwa huu. Kisha njooni hospitali siku hiyo hiyo. Sindano hutolewa kwa tarehe zilizopangwa, na zote zimalizwe. Wengi huchomwa ya kwanza na ya pili, kidonda kinapona, wanaona nauli ni nzito, hawarudi. Kidonda kupona hakuna maana kwamba ugonjwa haupo. Kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu kujitokeza, na huweza kuchukua mwaka au zaidi. Kidonda kikubwa, au cha usoni na mikononi, huhitaji pia dawa ya kinga inayochomwa kuzunguka kidonda chenyewe, nayo haipatikani kila zahanati, kwa hiyo msipoteze siku mkingojea.

Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungiwa mahali bila hatari, msimwue kwa hasira. Mfungieni, mpeni maji na chakula kwa mbali, mwarifuni bwana mifugo, na mtazameni siku 10, huku aliyeumwa akiendelea na sindano zake. Mbwa akibaki mzima siku hizo zote, daktari atajua la kufanya juu ya sindano zilizobaki. Mkimwua na kumtupa, tumepoteza habari ambayo ingetusaidia.

Mambo madogo nayataja tu. Dawa ya minyoo kwa mbwa kila miezi 3, kupe watolewe, na watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika. Jike mwenye mimba au anayenyonyesha asikimbizwe. Mtoto wa chini ya miaka 14 asipewe kuendesha baiskeli yenye mbwa, hata kama anajua baiskeli vizuri. Hana uzito wa kumzuia.

Bwana mifugo akimchanja mbwa wako atakuandikia kadi. Iwekeni katika mfuko ule ule wenye kadi za kliniki za watoto, isibaki kwenye paa la banda la kuku. Tukiulizwa na daktari saa 3 usiku, mtoto analia na damu inatoka, hatuna wakati wa kuitafuta.